Saa ya Mshamba

Bwana mnada aliigeuza kama mtu anunuaye mbuzi,
akaikagua meno, akaikagua kwato,
akaandika: mahogani, kishikio cha shaba juu,
uso mweupe wa fedha, kengele moja.
Kisha kwa wino uleule: fundi wa mkoani.
Maana yake, kwa wajuao kusoma bei,
toa theluthi.

*Jabez Thrupp, Bungay.*
Jina limechongwa chini ya namba
wanayoiita wao kumi na mbili, nami nyumbani naiita sita,
kwa kuwa saa yangu huanza na jua
na yao huanza gizani.
Ile P ya mwisho imebanwa ukingoni.
Mchongaji hakupima,
au alipima, akaipenda mno T.

Thrupp alikuwa na dirisha moja lililotazama soko la siagi.
Saa zilikuwa chache, njaa ilikuwa kila siku,
basi alitengeneza pia kufuli, miwani,
vyuma vya kuzungushia nyama motoni,
na mara moja, kwa mkopo usiolipwa, mguu wa baharia.
London walimcheka: mshamba,
huyo anayepima dakika kwa kunya kwa bata.

Ubao ulishuka Yarmouth, ukapanda mto kwa mashua.
Ulikuwa umekatwa Honduras na watu
waliohesabiwa wao wenyewe kama mbao.
Thrupp hakuuliza. Aliunusa,
akagonga kwa kifundo cha kidole, akasema: mkavu, mzuri.
Nalisema mimi, kwa sababu saa hailisemi.

Aliyeiagiza ni Bi Lavinia Utting,
mjane wa mwuza kimea, ambaye usingizi ulimhama
siku moja na jeneza la mumewe.
Akawekewa kamba ya hariri ubavuni:
ivute usiku wa manane, bila mshumaa,
na kengele itakurudishia saa iliyokwisha pita.
Alivuta. Akavuta tena.
Darini, mtumishi Hepzibah alihesabu naye,
tatu,
tatu,
bado tatu,
akashuka na blanketi kabla hajaitwa.

Miaka mia mbili na zaidi.
Ikafika Beccles, kwenye meza ya Doreen Catchpole,
katikati ya kopo la mafuta na chai iliyopoa.
Mimi nilishika tochi.
Aliwang'oa akrabu wote wawili, mrefu na mfupi,
nge wasiouma, wazungukao tu,
akafungua skrubu nne, akaubandua uso.

Cha mvunguni sharti uiname. Tukainama.
Nyuma ya fedha, mahali ambapo mnunuzi hafiki,
mtu alikuwa amekwaruza kwa ncha ya sindano
herufi ndogo kama nyayo za sisimizi:

*Magurudumu yote nimekata mimi, Keziah,
majira ya baridi, macho ya baba yamekwisha.
Jino la arubaini na moja ni baya. Nisamehe.*

Tulilitafuta. Doreen alihesabu kwa kucha,
akapotea kwenye thelathini, akaanza upya.
Lilikuwepo, jembamba kuliko wenzake,
limeng'aa kwa kupitiwa.
Nikamwuliza kama tulichonge upya.
Akanywa ile chai baridi yote.
“Limefanya kazi,” akasema.

Hakumpigia simu bwana mnada.
Alichukua sindano, akaandika mwaka na D.C.,
pembeni kabisa, kama mgeni akaaye karibu na mlango,
kisha akanipa mimi sindano,
na mkono wangu, ambao haujawahi kutetemeka,
ukatetemeka.

Iliuzwa Alhamisi, mvua ikinyesha,
kwa jina la Jabez, theluthi pungufu.
Aliyeinunua aliibeba kifuani chini ya koti,
na alipojikwaa kwenye ngazi
ilipiga, bila kuvutwa, mara moja.